Kengele ya Matusi

Serikali haikuwahi kumpa Mwalimu Zacharia kitu alichokipenda kama ile kazi ya kengele, na pengine ndiyo maana ilimchoma vile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka wa hamsini na saba Waafrika waliambiwa kwamba kwa mara ya kwanza watajichagulia watu wa kwenda kuwasemea Nairobi, katika baraza la kutunga sheria. Mikutano ikaruhusiwa Thika na Ruiru, lakini kwa kamba fupi, maana Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa na serikali iliogopa midomo kuliko mapanga. Mzungu aliyewekwa kuiangalia mikutano hiyo, ambaye watu walimwita Bwana Msimamizi akiwapo na Shingo Nyekundu akiwa hayupo, alitunga sheria yake mwenyewe. Mgombea aseme atakalo juu ya ardhi, shule na mishahara, ila asitukane kundi lolote la wapiga kura. Akitukana, kengele inapigwa. Kengele ya tatu ikilia, kipaza sauti kinazimwa na watu wanakwenda makwao.

Alitakiwa mtu wa kuipiga kengele hiyo, anayejua Kikuyu, Kikamba na Kiswahili, tena mwenye cheti safi. Zacharia, mwalimu wa shule moja ya Makongeni, mtaa wa Thika, alikuwa navyo vyote. Hata kengele alikuwa nayo, ile ya shaba aliyokuwa akiwaitia watoto darasani kila asubuhi.

Cheti ndicho kilichokuwa kitu. Mkikuyu asiye na cheti cha uaminifu kwa serikali hakupiga kura, hakusafiri bila kusumbuliwa, hakufundisha, wala hakukaa katika nyumba ya mwalimu. Zacharia alikuwa na mke, watoto, vyumba viwili na kura tatu, kwa sababu mwaka ule wenye elimu na mshahara walihesabiwa kura nyingi kuliko wenzao. Vyote hivyo vilining'inia kwenye karatasi moja iliyokunjwa mfukoni mwa koti lake. Kutwa alikuwa akiupapasa mfuko huo, akiwa darasani, akiwa njiani, hata akiwa kanisani wakati wa sala.

Lakini msimwone mtu wa bure. Kazi ile aliichukua kwa moyo wote. Jumapili nzima alizunguka uani akitafuta kipimo. Tusi ni nini hasa? Mtu akisema Wakamba wa mashamba ya mkonge wanataka mishahara ipande kwanza, mambo ya ardhi baadaye, hiyo ni hoja, na ijibiwe. Akisema Wakamba hununuliwa kwa kijiko cha chumvi, hilo ni tusi. Katikati ya hayo mawili kuna msitu, na mwalimu wetu alipotea humo mpaka jioni. Mwishowe akapata. Neno lolote juu ya watu, je, msemaji angeweza kulisema nyumbani kwa watu hao, wamekaa na watoto wao, kisha akapewa chai akainywa? Kama chai ingempalia, basi ni tusi. Alikipenda kipimo hicho hata akamweleza mkewe, Wangeci, naye akacheka.

"Basi mwanyumba wako chai itamuua," akasema.

Mwanyumba huyo alikuwa Githinji, mume wa dada yake Wangeci. Githinji alikuwa na malori ya kubeba mkaa, tai nyekundu, na ulimi usiojua breki. Alikuwa mmoja wa wagombea wawili. Mwenzake alikuwa karani mstaafu wa mifugo ambaye hotuba zake ziliwalaza hata askari, na kengele haikuwa na shughuli naye. Shughuli ilikuwa kwa Githinji.

Na wote wawili, mwenye kengele na mwenye ulimi, walikuwa na mama mkwe mmoja. Bibi huyo, jina lake Warigia, alikaa ng'ambo ya mto wa Ruiru, katika kijiji kile cha nyumba zilizobanana ambako watu walihamishiwa kwa amri na kuzungushiwa handaki. Hakuwa na cheti. Alipoulizwa barazani ni akina nani aliowapikia enzi za wapiganaji wa msituni, alijibu, "Nilipika, nikapakua. Sikumwuliza mtu jina lake." Jibu kama hilo halikuwa na cheti. Wakwe zake walimheshimu kwa umbali, kama mila ilivyotaka. Mwanamume wa Kikuyu hamkodolei macho mama mkwe, haingii jikoni kwake, na neno chafu halitamki mahali anapoweza kulisikia. Akilitamka, deni lake ni kondoo dume aliyenona.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Thika, kwenye kiwanja cha mpira. Lilikuwa lile jua la kabla ya mvua za masika, linalomfanya mtu asijue pa kuweka miguu yake. Mezani, kando ya jukwaa, Bwana Msimamizi alikaa katikati. Zacharia alikaa kulia kwake, kengele imelazwa juu ya leso. Kushoto alikaa Sadruddin, Mhindi wa Kiislamu mwenye duka la gramafoni mjini, aliyekodiwa pamoja na kipaza sauti chake na pembe zake mbili za bati zilizofungwa juu ya mlingoti.

Githinji alianza na shule na barabara. Watu wakapiga miayo, naye akaiona. Mtu wa siasa akiona miayo hutupa motoni chochote kilicho karibu.

"Wakamba wa mkonge," akanguruma, "ukiwaonyesha kijiko cha chumvi wanasahau hata majina ya mama zao!"

Kengele ikalia. Githinji akamtazama mwanyumba wake kama mtu aliyeumwa na mbwa wa kwake mwenyewe. Akaenda hatua chache, akarudi.

"Na nyinyi wa kura moja moja, mnajua mnachagua nini? Ng'ombe naye akipewa karatasi ya kura, ataila."

Kengele ikalia tena. Safari hii watu walishangilia, na Zacharia alijisikia amerefuka. Mwanamume mmoja wa kura moja alivua kofia kumpungia. Siku hiyo, kwa dakika chache, kengele ya shule ilikuwa na nguvu kuliko malori ya mkaa.

Ila Githinji hakuwa mjinga. Alitua, akafuta jasho, akatafuta watu wasio na mlinzi.

"Haya," akasema kwa upole. "Nyinyi mliopo hapa wote ni watu wazuri. Lakini wako wale wasio na cheti. Wale, ndugu zangu, ni chawa waliobaki katika nguo ya nchi. Nguo ikifuliwa, chawa hulia."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

Zacharia alishainua kengele. Ilikuwa hewani, ulimi wake wa chuma umeanza kusogea, pale Bwana Msimamizi alipoweka vidole viwili juu yake, polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Mwalimu. Hao wasio na cheti wanapiga kura?"

"Hapana, Bwana."

"Na sheria inasema nini?"

"Inasema kundi la wapiga kura, Bwana."

"Basi."

Mkono ukashuka. Wote waliuona ukishuka, na huo ndio ubaya wa kupewa kazi mbele ya watu. Githinji naye aliuona. Akaongeza mengine mawili matatu juu ya chawa, na kengele ikalala kwenye leso yake.

Mkutano ulipokwisha, Kalondu, mama wa Kikamba aliyewauzia uji wakata mkonge, alimfuata Zacharia akampa mkono.

"Mwalimu, leo umetufanya watu," akasema. Kisha akaitazama ile kengele. "Lakini hiyo ya mwisho uliinua, ukashusha. Ilikuwa nzito?"

Zacharia akajifanya anatafuta kofia yake.

Nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Kila jioni Wangeci alimpa mumewe kikombe cha chai mkononi. Jioni hiyo alikiweka juu ya kigoda, akasimama.

"Alisema chawa?"

"Mama Mumbi, sheria inasema wapiga kura. Wasio na cheti si—"

"Sikukuuliza sheria, Baba Mumbi. Nakuuliza kama mama yangu ni chawa."

"Nikikosa cheti tutalala wapi?"

"Cheti nakijua. Kila nikifua koti lako nakitoa kwanza, nakiweka mahali pazuri kuliko ninapomweka mtoto." Akaokota ndoo akatoka. Chai ikapoa pale kwenye kigoda, na hakuna aliyeinywa.

Tangu siku hiyo mwalimu hakutulia. Darasani aliandika hesabu ubaoni akaifuta kabla watoto hawajainakili. Mguu wake wa kulia ulipata tabia ya kutikisika chini ya meza peke yake. Akilala anageuka, akikaa anasimama, akisimama anaupapasa mfuko. Kilichomwuma zaidi ni kwamba kipimo chake mwenyewe kilikuwa kimemshika. Je, Githinji angeweza kulisema lile la chawa mbele ya Warigia, kisha akanywa chai? Asingeweza hata kuuona mvuke wake. Basi lilikuwa tusi, na alilijua wakati mkono ulipokuwa juu, na wakati ulipokuwa ukishuka alilijua pia.

Siku moja baada ya masomo miguu ilimpeleka mjini, mpaka dukani kwa Sadruddin. Alimkuta akipangusa zile pembe za bati.

"Mwalimu, karibu. Wewe iko mgonjwa? Uso hapana nzuri."

"Sina ugonjwa. Hebu niambie, Sadruddin, pembe hizo hupeleka sauti mpaka wapi?"

"Kama upepo iko nzuri, mbali sana. Mwisho ya sauti hapana ona." Akaiweka pembe chini. "Mimi naona mkono yako siku ile. Mimi nakumbuka mambo ya Kirit."

Kirit alikuwa jirani yake, Mhindu mwenye duka la vitambaa. Sadruddin akaketi juu ya kasha akasimulia. Mwaka uliotangulia Wahindi nao walikuwa wamechagua watu wao wa barazani, Waislamu mbali, Wahindu mbali, na veranda za Thika zilikuwa zimejaa maneno.

"Kirit nasema kwa wateja, Waislamu hapana akili, nafuata mkubwa yao kama mbuzi. Mimi iko nyuma ya mlango. Natoka. Yeye naona mimi, nashtuka kabisa. Nasema, 'Sadru, mimi hapana jua wewe iko hapa!' Mimi nauliza yeye, 'Kama wewe najua mimi iko, wewe nasema?' Miezi mingi sisi hapana ongea. Halafu yeye naleta mithai, tamu ya Kihindi, sasa naongea."

Zacharia alirudi Makongeni kwa miguu, na njiani mpango ukamwingia kichwani. Kama kosa ni kwamba Warigia hakuwapo, basi awepo. Yeye Zacharia asingegusa kengele, na cheti kingebaki mfukoni. Sheria ya mzungu ingebaki nzima. Mila ndiyo ingemshika Githinji shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu mkutano wa Thika akapiga mluzi. Ujanja huwa mtamu hivyo mwanzoni.

Mkutano wa pili ulikuwa Ruiru, juu ya mteremko unaoangalia mto. Ng'ambo, kile kijiji cha amri kilionekana wazi, moshi wake na mapaa yake, na wanawake waliokuwa wamepanga mstari kuchota maji. Zacharia alifika mapema.

"Sadruddin, pembe moja igeuze kule."

Sadruddin akatazama kule, akamtazama mwalimu. "Kule iko watu ya kura?"

"Hakuna hata mmoja."

"Haya." Akapanda mlingoti akaigeuza, asiulize tena.

Githinji alipopanda jukwaani mguu wa Zacharia ulikuwa ukitikisika hata meza ikasikika. Nusu ya moyo wake iliomba mwanyumba wake azungumze mambo ya barabara mpaka jua litue. Nusu nyingine iliomba aseme, aseme upesi, yaishe. Githinji akazungumza barabara. Akazungumza bei ya kahawa. Watu wakaanza kukohoa, na mmoja akapaza sauti, "Tuambie ya chawa!" Kumbe utani wake ulikuwa umekwishapanda basi la Ruiru kabla yake.

Githinji akatabasamu.

"Chawa hawaishi kwa kutajwa," akasema. "Wale vikongwe waliowalisha watu wa msitu na leo hawataki kutubu, dawa yao ni moja. Wavuliwe nguo wote, wapitishwe kwenye josho kama ng'ombe wenye kupe!"

Kicheko kilianza, lakini kilikatika njiani, kwa sababu sauti ya Githinji haikuwa imemaliza safari. Ilivuka mto, ikagonga mteremko wa pili, ikarudi. Kama ng'ombe, ikasema kule. Kama ng'ombe wenye kupe. Ule mstari wa wanawake ukasimama. Vichwa vyote vikageuka upande wa kiwanja. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyerusha mkono. Walisimama tu na ndoo zao, wakitazama.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye cheti na kura zake, akainuka kwa fimbo yake.

"Githinji," akasema, "maneno yako yamevuka maji. Kule yuko mkweo."

Githinji akainua macho kwenye mlingoti, akaiona pembe imegeuzwa, na uso wake ukapauka. Maana mwanamume anaweza kusema mengi katika siasa, lakini kumtaja mkwewe na kuvuliwa nguo kwa pumzi moja, huko hakuna siasa. Wazee wa mbele waliondoka mmoja mmoja. Mkutano ukafa bila kengele.

Zacharia alingoja furaha imjie. Haikuja. Alichokiona ni ule mstari wa wanawake, na mikono yake mwenyewe miwili iliyokuwa imelala juu ya magoti wakati wote huo.

Na Githinji? Kabla ya wiki kwisha alikuwa amefika ng'ambo ya mto na kondoo dume aliyenona mpaka mkia unaburuta, na wazee, na lori zima la waimbaji. Mila ya kusafisha tusi la namna ile ina kanuni yake. Mwenye kukosa husimama mbele ya kondoo akalitaja neno lenyewe, akatema mate; akalitaja tena, akatema, hadi wazee waseme amelitapika lote. Ndipo kondoo huchinjwa. Githinji alilitaja bila kuficha silabi. Alitema mate kama mtu aliyekunywa sumu, na machozi yakamtoka, ya kweli au ya kura, Mungu ndiye ajuaye. Warigia akapakwa mafuta ya kondoo, akakubali, kwa sababu mila ni mila. Ruiru nzima ikasema, tazama mtu mkubwa anavyojishusha. Kura alizozipoteza kwa ulimi alizirudisha kwa mkia wa kondoo, na za ziada.

Wangeci alikuwapo siku hiyo. Aliporudi Makongeni hakuketi.

"Wanasema pembe iligeuzwa. Nani aliigeuza?"

"Mimi," Zacharia akasema. "Nilitaka mila imshike."

"Ilimshika, akalipa, akatoka akiimba." Sauti yake ilikuwa chini, na hilo lilimtisha mumewe kuliko makelele. "Wewe ulishindwa kupiga kengele, Baba Mumbi. Ukamfanya mama yangu ndiye kengele. Unajua walisimama na ndoo zao muda gani? Mama alishindwa kunywa hata maji siku ile."

Hapo aibu ikamshika Zacharia, aibu halisi, ile inayokausha mate. Asubuhi yake alikwenda sokoni Ruiru akanunua kondoo dume, si mnono kama wa Githinji lakini mzima, akaomba ruhusa kwa mkuu wa kijiji, akavuka mto akimvuta kwa kamba.

Warigia alikuwa nje ya kibanda chake, anasuka kiondo. Zacharia akasimama mbali, akatazama ardhi kama ilivyompasa.

"Mnyama huyo ni wa nini?" mama mkwe akauliza, macho yake kwenye kiondo.

"Ni wa kukusafisha, Maitu. Na mimi nilikuwapo."

"Kwani ulisema nini?"

"Sikusema neno, Maitu."

Vidole vya Warigia vikaendelea kuvuta uzi. "Kondoo huchinjwa neno likitajwa. Mwenzako alilitaja, akalitapika, likatoka. Sasa wewe wazee wakikusimamisha hapa, utatapika nini?"

Kondoo akavuta kamba, Zacharia akamrudisha.

"Siwezi kukusaidia, mkwe wangu. Mtu aliyenyamaza, mila haina kondoo wake. Ningekuwa naye ningempokea." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa afadhali. Ndani ya kibanda kulikuwa na kibuyu cha uji ambao mama mkwe humpa mkwe aliyekuja kwa heri, na Zacharia aliinusa ile harufu yake ya kuchacha, lakini kibuyu hakikutolewa.

Alirudi Thika na kondoo wake juu ya basi, abiria wakimcheka. Akamfunga nyuma ya nyumba, na kabla ya jua kutua kondoo alikuwa amemaliza sukuma wiki yote ya Wangeci.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Thika, kiwanja kile kile. Mawingu yalikuwa yamekwishajaa lakini mvua ilikuwa bado inasita. Bwana Msimamizi alikuwa katika hali njema, Sadruddin alikuwa mahali pake, na kengele ilikuwa juu ya leso. Githinji alipanda akiwa ameng'aa.

"Nilikosa," akasema. "Nilimkosea mama mkwe wangu, nikalipa kondoo, tukamalizana. Mimi ni mtu wa mila!" Watu wakapiga makofi. Akangoja yaishe. "Lakini hao wengine wasio na cheti sikuwaoa binti zao. Hao, ndugu zangu, chawa ni chawa."

Kengele ikalia.

Bwana Msimamizi akageuka. "Mwalimu, ni kundi gani limetukanwa?"

"Wasio na cheti, Bwana."

"Tulikwisha elewana. Si wapiga kura."

"Najua, Bwana," Zacharia akasema, akaipiga tena.

Mguu wake ulikuwa umetulia, jambo ambalo yeye mwenyewe alilistaajabia. Uso wa Bwana Msimamizi ulipanda rangi kutoka shingoni. "Weka hiyo chini. Unasikia? Fikiria cheti chako."

Zacharia alikifikiria. Alifikiria vyumba viwili, chaki, watoto, kura tatu. Mkono wa kushoto ukaenda mfukoni kwa mazoea, ukakigusa, ukatoka. Wa kulia ukaipiga kengele mara ya tatu, kwa nguvu, kama anavyoipiga mvua ikikaribia na watoto wako mbali.

"Endelea!" Bwana Msimamizi akamwambia Githinji, na Githinji akaendelea. Mdomo wake ulifunguka na kufungika, tai ikarukaruka, lakini nyuma ya mstari wa tatu hakuna aliyesikia kitu. Sadruddin alikuwa amezima.

"Kengele tatu, Bwana," Sadruddin akasema, mikono juu ya mashine yake. "Sheria yako, hapana yangu."

Kutoka upande wa wakata mkonge, Kalondu akapiga kigelegele, peke yake kwanza, kisha hakuwa peke yake.

Cheti kilichukuliwa Jumatatu. Hakuna aliyegombana naye. Karani alinyoosha mkono, Zacharia akakitoa, koti likawa jepesi upande mmoja. Aliambiwa nyumba aiache mwisho wa mwezi. Asubuhi iliyofuata aliketi mlangoni, hana pa kwenda, akaisikia kengele yake ikipigwa shuleni na mtu mwingine, vibaya, haraka haraka, na watoto wakikimbia hivyo hivyo. Hapo alilia kidogo. Watoto wale alikuwa akiwapenda.

Saa za adhuhuri Wangeci alirudi kutoka Ruiru, mvua ya kwanza imemlowesha mabega. Alikuwa amebeba kibuyu. Hakukiweka juu ya kigoda. Alimpa mumewe mkononi, akasimama mbele yake mpaka alipoonja.

"Mama amenituma," akasema. "Anasema umekwisha tapika. Na yule kondoo hana kazi tena, tumchinje, watoto wale nyama kabla hatujahama."